Kutazama Barafu na Mama Mkwe

Nimewahi kumkosea mtu mbele ya televisheni, mchana kweupe, nimevaa kaptula, kikombe cha chai mkononi, na nikajiona nina haki kabisa. Mke wangu anasema nimejisimulia kisa hiki mara nyingi kichwani, na kila mara najipunguzia kosa kidogo. Basi nitajaribu kukisema kama kilivyokuwa.

Tunapanga nyumba hapa mjini Kakamega, mimi na yeye. Binti yetu yuko shule ya bweni. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mke wangu anahudumu katika duka la dawa. Mwishoni mwa Januari mama yake alikuja kutoka kijijini kwake Chekalini kukaa nasi, na hilo peke yake lilihitaji kikao cha wazee, maana kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Hawali meza moja, hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani kila mmoja huinamisha macho na kupisha. Ni heshima, si ugomvi. Lakini presha ya macho ilikuwa imekwisha kulizima jicho la kulia la mama mkwe, na la kushoto lilikuwa limebaki na uwazi mdogo wa katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alitaka kulipasua ili hicho kilichobaki kisiishe. Kilichokwenda, alisema, hakirudi. Kulikuwa na vipimo vya kwanza na matone ya kutia asubuhi na jioni, na upasuaji ulipangiwa Jumanne ya mwisho wa Februari. Wazee wa upande wake wakakubaliana kwamba nyumba ya kupanga si boma la mtu, kwa hiyo anaweza kulala humo bila kuvunja chochote. Nilicheka niliposikia uamuzi huo. Miaka sita nimekaa katika ile nyumba, nikaambiwa si kwangu.

Tukaanza kuishi pamoja bila kuonana. Nikirudi kutoka shuleni nilikuwa nakohoa mlangoni, kikohozi kirefu cha mtu asiyeumwa, na nikisikia kigoda kinakokotwa kwenye simiti najua mama mkwe anahamia koridoo, nyuma ya pazia linalotenganisha sebule na vyumba vya kulala. Kile kigoda alikuja nacho kutoka kwake. Hakutaka kukalia viti vyangu, na mimi, nitasema ukweli, nilifurahi kwamba hakutaka.

Televisheni ndiyo iliyotuvuruga. Februari hiyo stesheni moja ilianza kuonyesha michezo ya majira ya baridi kutoka Ulaya, na mashindano ya usiku, sisi tukiwa tumelala, yalikuwa yakirudiwa mchana wa kesho yake. Mama mkwe, peke yake nyumbani tangu asubuhi, aliyakuta akitafuta mahubiri. Alisogeza kigoda hadi hatua mbili kutoka kwenye kioo, akaielekeza ile nafasi ndogo ya jicho lake kwenye wasichana wenye nguo za kumetameta wanaoteleza kwenye sakafu nyeupe kwa viatu vyenye visu, na hakuyarudia mahubiri. Sisi barafu tunayoijua ni ya friji, na ile mvua ya mawe inayochana mahindi yakiwa machanga. Jioni ya kwanza alimuuliza mke wangu kama wazazi wa wale watoto wanajua walipo.

Mimi nilikuja kutazama kwa dharau. Siku ya tatu nilikuwa natoka shuleni mbio. Nilipenda alama. Kila mruko una thamani yake, kila mzunguko unahesabiwa, mguu ukitua vibaya unakatwa alama, ukianguka unakatwa zaidi, na mwisho wake jumla inatokea kwenye kioo bila huruma wala undugu. Nilikuwa nimetafuta maisha yangu yote mchezo unaosahihishwa kama mtihani. Sikuwa nimefikiria kwamba ungekuja na skati, vile viatu vya visu.

Mama mkwe hakuzijali alama. Nilipokuwa nyumbani, yeye alikuwa koridoo akisikiliza tu, na mtangazaji alisema kwa Kiingereza cha haraka ambacho yeye hakukifuata, kwa hiyo mke wangu, akishatoka zamu ya asubuhi, alikaa kwenye mkono wa kochi, karibu na pazia, akimweleza kinachotokea na kubeba maneno yetu.

"Mama anauliza, huyo aliyeanguka amepewa ngapi?"

"Mwambie amekatwa."

"Anasema walikosea. Anasema huyo ameanguka, ameinuka na wimbo bado unaendelea, ameingia tena palepale kwa mdundo. Huyo ako na kazi mbili. Yule hakuanguka ako na kazi moja."

"Mwambie kuanguka si kazi, ni kosa."

Mnong'ono nyuma ya pazia, halafu mke wangu akiuma midomo asicheke. "Anasema wewe hujawahi kubeba maji kwa kichwa."

Siku nyingine tulibishana juu ya wale wanaoshuka mlima na mbao miguuni na kuruka hewani. Yeye alisema ule si mchezo, ni ajali iliyopangwa. Mimi nikaeleza juu ya pembe na upepo mpaka mke wangu akachoka kutafsiri, akasema nitangaze mwenyewe na mama asikie, kwani kusikia hakukatazwi. Nikawa napaza sauti kuelekea kwenye televisheni, naye anapaza yake kuelekea kwenye pazia, na hakuna aliyekuwa amesemeshwa na mwenzake. Majirani lazima walituona wendawazimu. Mimi nilikuwa na raha ambayo sikuwa nayo nyumbani kwa muda mrefu.

Huo ndio ukweli, na nauweka hapa kwa sababu unayafanya yaliyofuata kuwa mabaya zaidi.

Alikuwa na msichana wake. Wote tulikuwa na watu wetu. Wangu alikuwa mmoja mrefu, mkavu, asiyekosea, anayetabasamu baada ya alama kutoka na si kabla. Wa mama mkwe alikuwa mfupi, mwenye gauni la kijani, na mtangazaji alikuwa amesema kwamba alipasuliwa goti mwaka uliotangulia na madaktari hawakudhani angeruka tena. Mke wangu alilitafsiri hilo mara moja tu. Mama mkwe alimwomba alirudie.

Usiku ule, tukiosha vyombo, mke wangu aliniambia kwa sauti ya chini. "Unajua mama amekuwa akiogopa hiyo Jumanne. Hakuniambia, lakini nilimkuta amefunga nguo zake. Sasa leo amezifungua. Ameniambia, kama huyo mtoto alikatwa goti na bado anaruka, mimi naogopa kisu cha nini. Ati acha amwone akimaliza, halafu tuende kwa daktari."

Nilisema, "Vizuri." Nilikuwa nasugua sufuria iliyoshika ugali, na nilisikia kila neno. Siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Kilichoniudhi kilitokea siku mbili baadaye. Tulikuwa tunabishana juu ya majaji, kama kawaida, na mimi nilikuwa nimepandwa na mori. Nilisema jaji mzuri ni yule anayeona kila kosa. Mke wangu akainamia pazia, akasikiliza, akasita.

"Sema tu," nikamwambia.

"Anasema mwalimu mwenye kuangalianga makosa peke yake, watoto wanamuogopanga tu. Hawajifunzi."

Hakuwa na njia ya kujua. Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu alikuwa ameniita ofisini na kunionyesha matokeo ya kidato cha tatu, na barua ya mzazi mmoja aliyeandika karibu maneno hayohayo, kwamba mwanawe anatapika asubuhi za siku yenye hesabu. Sikuwa nimemwambia mke wangu. Na sasa maneno yale yananifuata mpaka kwenye kochi langu, kutoka nyuma ya pazia langu, kwa mtu ambaye siruhusiwi hata kumgeukia nikamjibu. Nilizima televisheni. Nikatoka nje nikasimama kando ya tangi la maji, nikijisemea mambo ambayo sitayaandika.

Siku ya mwisho ya wasichana, yaani marudio yake ya saa tisa mchana, shule ilikuwa imefunga kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Mke wangu alikuwa kazini, zamu ya mchana. Ningeweza kwenda sokoni. Ningeweza kukaa kwa rafiki mpaka saa kumi na moja, nikamwachia mama mkwe sebule ajionee kwa jicho lake mwenyewe, kama alivyozoea. Nililiwaza hilo; nakumbuka nikiliwaza. Halafu nikakohoa, kigoda kikakokotwa, na mimi nikaketi.

Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba na hakuna wa kubeba maneno. Kisha, kutoka koridoo, kwa sauti ya mtu anayeongea na ukuta:

"Pazia, hebu uliza wanaoona. Wa kijani ameingia?"

"Bado," nikaiambia televisheni.

Alipoingia nilisema, "Ameingia." Nikaeleza gauni lake, nikaeleza alivyosimama katikati na kuinua mkono mmoja. Nilieleza vizuri. Mruko wa kwanza akatua. Wa pili akatua. Nyuma ya pazia nilisikia mama mkwe akipiga ulimi kidogo kila mara, kama anavyofanya mtu anayehesabu hatua za mtoto. Msichana wangu mkavu alikuwa ameshacheza na kuongoza, na nilianza kujumlisha kichwani nikaona huyu wa kijani akiendelea hivi anaweza kumpita. Ukabaki mruko mkubwa wa mwisho. Akaruka, akazunguka, akatua kwa mguu mmoja, akayumba kidogo, akajishika. Uwanja ukalipuka kwa makofi.

"Ameanguka," nikasema.

Lilitoka lenyewe, lakini lililofuata halikutoka lenyewe. Nilichukua rimoti nikapunguza sauti, polepole, kama mtu anayeheshimu msiba, nikaongeza: "Ameanguka vibaya. Ameshika goti. Wanamwinua."

Kwenye kioo alikuwa anamaliza, mikono juu, analia kwa furaha. Mimi nilikuwa natabasamu. Nataka hilo lijulikane. Nilitabasamu peke yangu sebuleni kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshinda ubishi na hakuna aliyeweza kunijibu.

Halafu mama mkwe akasema, "Pazia, waambie asante." Kigoda kikakokotwa kuelekea chumbani, na mlango ukafungwa bila kelele.

Nilidhani nitalirekebisha jioni. Nitamwambia mke wangu kwamba nilitania, naye amwambie mama yake, watanitukana kidogo na yataisha. Lakini mke wangu aliporudi walijifungia chumbani, na nilipomsikia tena alikuwa jikoni anabembeleza. Mama mkwe alikuwa anasema anarudi kwake. Shamba halijalimwa, trekta ya jirani inapatikana wiki hii tu, na kuku wake hawana mtu. Atakuja akishapanda. "Na Jumanne?" mke wangu akauliza. "Daktari atakuwako tu," mama akamjibu. "Macho ni yangu, hayaendi mahali."

Mke wangu alikuja sebuleni macho mekundu, akaniuliza, "Yule wa kijani alianguka kweli?"

Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa mbele yangu kama sahani ya chakula. Nikasema, "Ndiyo."

Usiku nilijiambia kwamba mkwe hana ruhusa ya kumzuia mama mkwe kurudi kwake. Nilijiambia kwamba mtu mzima hawezi kuacha upasuaji kwa ajili ya mchezo wa runinga, kwamba lazima kuna sababu nyingine. Heshima, ambayo nilikuwa nimeicheka ilipotoka kwa wazee, niliikumbatia usiku ule kwa mikono miwili. Asubuhi wakaondoka kwenda stendi, mke wangu amebeba begi, mama yake amebeba kigoda. Mimi nilibaki chumbani, mlango umefungwa, ili wapite.

Akapanda. Baada ya kupanda kukawa na palizi. Baada ya palizi mvua ikaharibu barabara, au hivyo ndivyo alivyosema kwenye simu. Kila mwezi mke wangu alipanga siku nyingine na kila mwezi ikaahirishwa, na matone yalipokwisha hakusema. Mwezi wa saba mke wangu alikwenda Chekalini bila kumwarifu, akamkuta mama yake nyuma ya nyumba anapapasa ukuta akitafuta mlango wa jikoni ambao umekuwa palepale miaka thelathini. Alimleta hospitali siku hiyohiyo. Daktari alimulika jicho la kushoto, akasogeza taa huku na huku, akaizima.

Nilimwambia mke wangu ukweli jioni ile. Nilidhani atapiga kelele, na nilizitaka hizo kelele. Alikunja kanga yake vizuri, akaiweka kwenye meza, akaikunjua, akaikunja tena.

"Usiniambie mimi," akasema mwishoni. "Enda umwambie mwenye macho."

Kwetu kuna njia ya kuiondoa ile heshima kati ya mkwe na mama mkwe. Mkwe hupeleka blanketi na kuku, anaandamana na mzee wa upande wake, wanapeana mikono mbele ya watu, na kuanzia siku hiyo wanaweza kuketi na kuongea kama mama na mtoto. Watu wengi huifanya mapema. Mimi nilikuwa nimeiahirisha miaka kumi na moja. Kila mwaka nilisema mwaka ujao, na sababu ya kweli ilikuwa kwamba ukimya ulinifaa. Mtu asiyeruhusiwa kukusemesha hawezi kukuuliza unaishije na mtoto wake.

Nikaenda kwake Jumamosi, na mjomba wangu, na blanketi la kahawia na kuku mmoja, ingokho mweupe aliyekuwa akilalamika njia nzima. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, amevaa kitambaa safi. Nilimfunika blanketi mabegani. Mjomba akasema maneno yanayosemwa, kwamba mlango uliokuwa umefungwa kwa heshima leo umefunguliwa kwa heshima, na akauchukua mkono wangu akauweka kwenye wake. Ulikuwa mkavu, una nguvu, na haukuuachia wangu haraka. Kisha watu wakatoka kwenda kula chini ya hema, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa, tukaachwa wawili.

Nilimwambia yote. Sikutafuta pa kujificha. Nilimwambia hata habari ya kutabasamu.

"Nilijua," akasema.

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Wiki mbili nilikuwa nikikaa hapo nasikiza. Watu wa huko mtu akianguka wanafanya hivi," akavuta pumzi kwa nguvu, "halafu wananyamaza. Siku hiyo walipiga makofi, wewe ukapunguza sauti. Mimi ni macho ilikuwa inakufa, masikio iko."

"Sasa mama, kama ulijua kwamba hakuanguka, mbona ulikataa kwenda kwa daktari?"

Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa nayo.

"Baba, ningepasuliwa halafu nirudi kulala wapi? Mtu anaona kitu kizuri mbele yake, anakudanganya ndio usifurahi. Huyo mtu amechoka na wewe. Nikajiambia, hii nyumba imeshiba mimi, na hawezi kusema kwa sababu ya heshima. Nikamuondolea taabu."

Nikasema sikuwa nimechoka naye. Nikasema zile siku za kubishana zilikuwa siku zangu nzuri kuliko zote mwaka ule. Ilikuwa kweli, na ilisikika kama uongo wa pili. Nje walikuwa wanacheka kitu, na mtu alikuwa anaita chumvi. Nililia, na nilijitahidi kulia bila sauti, kisha nikakumbuka kwamba masikio yake ndiyo pekee yaliyobaki na sikuwa nafanikiwa kuficha chochote.

Alinyoosha blanketi magotini. "Wewe umeoa mtoto wangu miaka kumi na moja," akasema. "Ukipita, mimi naangalia chini. Ukikuja hapa kuleta maneno ya ndoa, niliangalia viatu yako. Sijawahi kukuangalia hata siku moja, nilikuwa nangoja hii siku ya blanketi." Akainua uso. "Sasa nimeruhusiwa. Hebu niambie, uso yako inafanana aje? Na useme ukweli."

Alikuwa amegeuka kuniangalia, amenyoosha shingo kidogo, anangoja. Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye kiti kilichokuwa kando ya changu, ambacho hakikuwa na mtu.